Oili ya injini za magari ya kale

Oili ya injini za magari ya kale ni mafuta ya kulainisha yanayotumika katika injini za magari yaliyoundwa miongo mingi iliyopita. Katika lugha ya kila siku neno "mafuta" humaanisha zaidi petroli au dizeli, ndiyo maana katika gereji za Tanzania na Kenya mafuta ya kulainisha injini huitwa oili.

Kuchagua oili ya gari la kale ni tofauti na kuchagua oili ya gari jipya. Oili za kisasa zimetengenezwa kwa kufuata mahitaji ya injini za kisasa, zenye nafasi finyu kati ya vipande vya chuma na vifaa vya kusafisha moshi. Injini ya mwaka 1965 ina nafasi pana zaidi, ina vipande vinavyosuguana kwa nguvu bila magurudumu ya kati, na mara nyingine haina hata filta ya oili. Kwa hiyo oili mpya kabisa au ya bei ghali zaidi si lazima iwe bora kwake. Vilevile oili ya mtindo wa zamani kabisa, isiyo na viambato vyovyote, inaweza kuiharibu.

Uchaguzi huo una uzito kwa sababu uharibifu mwingi unaoletwa na oili isiyofaa hauonekani mapema. Kamshafti huweza kulika kwa miezi kadhaa huku gari likiendelea kutembea. Mwenye gari anapoanza kusikia kelele au kuona nguvu imepungua, chuma kilicholika hakirudi tena, na vipuri vya magari mengi ya kale havitengenezwi tena.

Maana ya gari la kale

Hakuna mpaka mmoja unaokubalika kote. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale (FIVA), lililoundwa mwaka 1966, huhesabu gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililotunzwa katika hali yake ya asili na lisilotumika kama chombo cha usafiri cha kila siku. Nchini Uingereza wapenzi wa magari hutofautisha vipindi vifupi zaidi, na magari yaliyoundwa kati ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza na mwaka 1930 huwa na jina lao la pekee.

Kwa upande wa oili, umri wa gari si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni muundo wa injini: jinsi oili inavyosukumwa, kama kuna filta, aina ya tapeti zinazofungua valvu, na vitu vilivyotumika kutengeneza sili na gasketi. Gari la mwaka 1975 na gari la mwaka 1925 yote huitwa ya kale, lakini mahitaji yake ya oili hayafanani.

Kazi za oili ndani ya injini

Watu wengi hudhani kazi ya oili ni moja tu, yaani kupunguza msuguano. Kwa kweli oili hufanya kazi tano kwa pamoja:

* Kulainisha: huweka utando mwembamba kati ya vyuma vinavyopishana, kwa mfano kati ya krankshafti na beringi zake, ili visigusane moja kwa moja.
* Kupoza: hubeba joto kutoka sehemu ambazo maji au hewa havifiki, kama vile chini ya pistoni na kwenye beringi.
* Kusafisha: huondoa masizi na uchafu unaotokana na mwako.
* Kuziba: hujaza nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, hivyo kusaidia mgandamizo.
* Kuzuia kutu: hufunika vyuma na kupunguza nguvu ya asidi zinazotokea petroli inapoungua.

Kila kazi kati ya hizo hutegemea sifa fulani ya oili. Ndiyo maana swali la oili ipi inafaa hugawanyika katika maswali matatu: mnato wake ni upi, ina kinga gani dhidi ya kulika kwa chuma, na ina uwezo gani wa kusafisha.

Mnato

Mnato ni ukinzani wa kioevu dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Mnato wa oili hupungua inapopata joto: oili iliyo nzito asubuhi huwa nyepesi baada ya gari kwenda kilomita ishirini. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, utando wake hukatika na vyuma hugusana. Ikiwa nzito kupita kiasi, huchelewa kufika kwenye sehemu za juu za injini, na huko vyuma husuguana vikavu kwa sekunde kadhaa kila gari linapowashwa.

Madaraja ya mnato yanayotumika duniani kote yaliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, ambacho kilitoa mpango wake wa kwanza mwaka 1911. Namba za SAE si kipimo cha ubora. SAE 50 si bora kuliko SAE 30, bali ni nzito zaidi. Kwa joto la nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya SAE 30 huwa na mnato kati ya milimita mraba 9.3 na 12.5 kwa sekunde, SAE 40 kati ya 12.5 na 16.3, na SAE 50 kati ya 16.3 na 21.9.

Oili ya daraja moja na ya madaraja mengi

Hadi katikati ya karne ya 20 oili nyingi zilikuwa za daraja moja. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mwenye gari alitumia oili nyepesi wakati wa baridi na kumwaga ili kuweka nzito wakati wa joto. Baadaye zikaja oili za madaraja mengi, kama 10W-30 na 20W-50. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha tabia ya oili ikiwa baridi, na namba ya mwisho huonyesha mnato wake ikiwa na joto la kazi.

Oili hizo hufanya kazi kwa msaada wa polima, yaani molekuli ndefu sana zilizojikunja. Oili inapopata joto, molekuli hizo hujikunjua na kuizuia isiwe nyepesi mno. Udhaifu wake ni kwamba polima huweza kukatwakatwa na meno ya gia na shinikizo la beringi. Zikikatika, oili ya 20W-50 huanza kuwa na tabia ya oili nyepesi zaidi, ingawa kwa macho haionyeshi tofauti.

Mnato na hali ya hewa

Vitabu vya magari ya kale mara nyingi vina jedwali linalotaja oili kadhaa kulingana na joto la nje. Anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Ulaya anapaswa kuangalia safu ya nchi za joto. Oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini iwake katika nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo haipatikani katika miji ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo katika Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, gari la kale halifaidiki sana na oili ya 0W au 5W. Namba iliyo muhimu zaidi huko ni ile ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayohusu injini iliyokwisha pata joto kwenye foleni au kwenye mlima.

Nafasi kati ya beringi na shafti

Injini nyingi za kale ziliundwa zikiwa na nafasi pana zaidi kati ya beringi na shafti kuliko injini za leo, na matumizi ya miaka mingi huzidi kuzipanua. Oili nyepesi sana, kama 0W-20 iliyokusudiwa kuokoa petroli katika magari mapya, hupita haraka katika nafasi hizo na shinikizo hushuka.

Hata hivyo shinikizo kubwa kwenye geji si ushahidi kwamba oili inafika kila mahali. Oili nzito huonyesha shinikizo kubwa kwa sababu inapita kwa shida. Kuweka oili nzito zaidi ili kuficha kelele za injini iliyochakaa ni desturi ya kawaida, lakini haiponyi beringi iliyolika. Huahirisha tu siku ya kuifungua injini, na mara nyingine huongeza kulika kwa sehemu za juu.

Zinki na fosforasi

Katika injini nyingi za kale valvu hufunguliwa na kamshafti yenye nundu. Kila nundu inapozunguka husukuma tapeti, yaani kipande kifupi cha chuma chenye uso bapa. Nundu hiyo huteleza juu ya uso wa tapeti huku springi ya valvu ikiikandamiza, na sehemu inayogusana ni nyembamba kama mstari. Kwa hiyo shinikizo mahali hapo ni kubwa kuliko karibu kila mahali pengine ndani ya injini, na utando wa oili peke yake hautoshi. Injini nyingi za kisasa zimeweka kigurudumu kidogo mahali hapo ili nundu ibingirike badala ya kuteleza.

Kinga ya tapeti bapa ni kiambato kinachojulikana kwa kifupi kama ZDDP, chenye zinki, fosforasi na salfa. Kilianza kutumika katika oili za injini katika miaka ya 1940, kwanza kwa ajili ya kulinda beringi na kuzuia oili isiharibiwe na oksijeni. Baadaye ikatambuliwa kwamba kinapunguza sana kulika kwa kamshafti. Chini ya joto na mkandamizo, kiambato hicho huvunjika na kuacha tabaka jembamba juu ya chuma. Tabaka hilo hulika badala ya chuma chenyewe, kisha hujengwa upya.

Tatizo lilianza na vifaa vya kusafisha moshi. Magari mengi ya Marekani yaliwekewa katalisti kwenye bomba la moshi kuanzia yale ya mwaka 1975. Injini yoyote huunguza oili kidogo, na fosforasi iliyomo hufunika katalisti hatua kwa hatua na kuidhoofisha. Kwa sababu hiyo viwango vipya vilianza kupunguza kiasi chake. Kwa oili za madaraja mepesi kama 5W-30 na 10W-30, kiwango cha API SJ cha mwaka 1996 kiliruhusu fosforasi isiyozidi asilimia 0.10, na kiwango cha SM cha mwaka 2004 kilishusha kikomo hadi asilimia 0.08.

Kwa gari jipya lenye tapeti za magurudumu, upungufu huo hauna madhara. Kwa injini yenye tapeti bapa na springi ngumu, unaweza kuwa na madhara, hasa injini ikiwa imetoka kufanyiwa ukarabati. Oili nyingi zinazouzwa mahsusi kwa magari ya kale huwa na fosforasi ya takriban asilimia 0.10 hadi 0.14. Kuzidisha zaidi ya hapo si kinga ya ziada: kiasi kikubwa mno cha kiambato hicho huweza kushambulia chuma chenyewe. Kwa hiyo chupa za nyongeza zinazomiminwa ndani ya oili ambayo tayari ina zinki ya kutosha zinaweza kuleta hasara badala ya faida.

Madaraja ya API

Taasisi ya petroli ya Marekani (API), iliyoanzishwa mwaka 1919, hupanga oili kwa herufi. Herufi S hutangulia oili za injini za petroli na C hutangulia zile za dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi cha kiwango. Baadhi ya madaraja ya S ni haya:

* SA: haina viambato, haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1930.
* SB: haifai kwa injini nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1951.
* SC: kwa injini za mwaka 1967 na za kabla yake.
* SD: kwa injini za mwaka 1971 na za kabla yake.
* SE: kwa injini za mwaka 1979 na za kabla yake.
* SF: kwa injini za mwaka 1988 na za kabla yake.
* SG: kwa injini za mwaka 1993 na za kabla yake.
* SJ, SL, SM, SN na SP: madaraja yaliyofuata, kuanzia mwaka 1996 hadi 2020.

API huhesabu madaraja ya SA hadi SH kuwa yamepitwa na wakati, ingawa oili zenye herufi hizo bado huuzwa katika nchi mbalimbali. Kwa kawaida kila daraja jipya linakusudiwa kuweza kutumika badala ya lililotangulia. Kanuni hiyo ni sahihi kwa jumla, lakini suala la fosforasi limefanya wenye magari ya tapeti bapa wawe waangalifu.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi: kikomo cha fosforasi katika viwango vya SM na SN kinahusu madaraja mepesi, hakihusu oili nzito kama 20W-50. Kwa hiyo oili ya 20W-50 yenye alama ya SN inaweza kuwa na zinki zaidi kuliko 5W-30 yenye alama hiyohiyo. Njia ya hakika ni kusoma karatasi ya maelezo ya kiufundi ambayo watengenezaji wengi huitoa kwa kila oili.

Baadhi ya wenye magari ya kale hutumia oili za malori za 15W-40 zenye daraja la CH-4 au CI-4, kwa kuwa viwango hivyo havikuweka kikomo cha fosforasi. Kiwango cha CJ-4 kilichofuata mwaka 2006 kiliweka kikomo cha asilimia 0.12. Oili nyingi za aina hiyo huwa na herufi za S na C pamoja, maana yake zimepimwa kwa injini za petroli pia.

Viambato vya kusafisha

Oili za zamani hazikuwa na viambato vya kusafisha. Masizi na uchafu vilizama chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kujikusanya huko kama tope. Fundi aliifungua sampu mara kwa mara na kulikwangua.

Oili za kisasa hufanya kinyume. Huzuia uchafu usigande na huushikilia ukiwa chembe ndogo zinazoelea, ili zinaswe na filta au zitoke wakati wa kumwaga oili. Ndiyo maana oili nzuri hugeuka nyeusi baada ya muda mfupi. Weusi huo ni dalili kwamba inafanya kazi yake.

Tahadhari inahitajika kwa injini ambayo kwa miaka mingi ilitumia oili isiyo na viambato hivyo, au iliyokaa bila kutunzwa. Oili ya kusafisha huweza kulegeza tope la zamani, na vipande vyake vikaziba chujio la pampu au njia nyembamba za oili. Injini hukosa oili na kunoki ingawa sampu imejaa. Njia salama ni kufungua sampu na kuisafisha kabla ya kubadilisha aina ya oili, kisha kumwaga oili ya kwanza mapema kuliko kawaida. Injini iliyokwisha fanyiwa ukarabati mkubwa na kusafishwa inaweza kutumia oili ya kusafisha tangu mwanzo, hata kama kitabu chake cha miaka ya 1930 hakikuitaja.

Oili ya madini na oili ya sintetiki

Oili ya madini hutokana na kusafishwa kwa mafuta ghafi. Oili ya sintetiki hutengenezwa kwa njia za kemia ili molekuli zake zifanane zaidi. Ya pili hustahimili joto vizuri na haichakai haraka.

Hofu kwamba oili ya sintetiki huharibu sili ina chanzo cha kweli. Baadhi ya oili za kwanza za aina hiyo zilifanya mpira wa sili usinyae, na watengenezaji walirekebisha jambo hilo kwa kuongeza viambato vinavyouvimbisha kidogo. Lakini injini za kale sana hazina mpira wa kisasa. Zina sili za kamba au ngozi na gasketi za koki, ambazo tangu mwanzo zilivuja kidogo. Oili inayopenya na kusafisha vizuri huondoa tope lililokuwa limeziba nyufa hizo, na uvujaji ulioonekana mdogo huongezeka. Hapo oili haijatoboa kitu. Imefichua tu tundu lililokuwepo.

Mifano

Ford Model T

Ford Model T ilitengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, na zaidi ya milioni 15 ziliundwa. Injini yake haina pampu ya oili wala filta. Gurudumu la nyuma la injini hurusha oili juu, nayo huingia katika bomba jembamba na kushuka kwa uzito wake hadi mbele. Kisha ncha za konrodi huichota kutoka vibakuli vidogo na kuirusha kila upande. Oili hiyohiyo hulainisha pia gia. Mfumo huo unahitaji oili nyepesi inayotiririka yenyewe. Mtu anayeweka oili nzito kwa kudhani kwamba gari kuukuu linahitaji oili nzito huweza kuikausha silinda ya mbele.

Volkswagen Beetle

Volkswagen Beetle ilitengenezwa hadi mwaka 2003, zikiwa zaidi ya milioni 21. Katika Afrika ya Mashariki ilipata sifa kupitia mashindano ya Safari Rally, iliyoyashinda mwaka 1962 pamoja na miaka kadhaa kabla ya hapo.

Injini yake hupozwa kwa hewa, kwa hiyo oili hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kupoza kuliko katika injini yenye maji. Hata hivyo hubeba oili takriban lita 2.5 tu, na badala ya filta ya karatasi ina wavu wa chuma ambao huzuia vipande vikubwa pekee. Vumbi laini la barabara za udongo na chembe za chuma hupita katika wavu huo na kuendelea kuzunguka. Njia pekee ya kuviondoa ni kumwaga oili, na ndiyo sababu ya ratiba fupi ya kila kilomita 5,000, pamoja na kuufungua wavu, kuuosha na kubadilisha gasketi zake.

Vitabu vya gari hilo vilitaja SAE 30 kwa majira ya joto na oili nyepesi zaidi kwa baridi. Oili nzito kupita kiasi ina athari ya pekee hapa. Injini ina valvu ya shinikizo ambayo, oili ikiwa nzito, hufunguka na kuirudisha bila kuipitisha kwenye kipozeo. Valvu hiyo iliwekwa kwa ajili ya dakika za kwanza za asubuhi. Oili inayobaki nzito kwa muda mrefu huendelea kukikwepa kipozeo, na hivyo mtu aliyetaka kuilinda injini dhidi ya joto huiongezea joto. Tapeti zake ni bapa, kwa hiyo zinki nayo ni ya lazima.

Mini

Mini, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa na British Motor Corporation mwaka 1959, ina gia ndani ya sampu ya injini ili kuokoa nafasi. Oili moja hulainisha injini na gia, na meno ya gia hukata polima zake haraka. Oili ya 20W-50 ilipata umaarufu katika magari ya aina hiyo. Nati ya kumwagia oili ya gari hilo ina sumaku inayonasa chembe za chuma kutoka kwenye gia. Wingi wa chembe hizo humwonyesha fundi hali ya giaboksi kabla haijaanza kupiga kelele.

Hatua za kuchagua

Mafundi wenye uzoefu wa magari ya kale kwa kawaida hufuata mpangilio huu:

1. Kutafuta kitabu cha gari na kusoma mnato uliopendekezwa kwa nchi za joto.
2. Kuthibitisha kama injini iliyomo ni ile ya asili. Magari mengi ya kale yamebadilishiwa injini, na oili hufuata injini, si jina la gari.
3. Kujua kama tapeti ni bapa au za magurudumu, na kama kuna filta.
4. Kuuliza injini ilifunguliwa lini na ilitumia oili gani hadi sasa.
5. Kuchagua oili yenye mnato unaofaa na kiasi cha kutosha cha zinki na fosforasi.
6. Kuangalia geji ya shinikizo injini ikiwa ya moto, na kulinganisha na namba za kitabu.
7. Kuendelea na oili hiyohiyo ikiwa matokeo ni mazuri.

Injini iliyofungwa kamshafti mpya inahitaji uangalizi wa pekee. Nundu na tapeti hupakwa grisi maalumu wakati wa kufunga, na injini inapowashwa mara ya kwanza haiachwi ikinguruma taratibu. Huzungushwa kwa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi, kwa sababu katika injini nyingi nundu hulainishwa na oili inayorushwa na krankshafti, nayo hairushwi vya kutosha kwa mwendo wa chini. Kamshafti nyingi zinazokufa mapema hufa katika dakika hizo.

Kubadilisha oili

Gari la kale mara nyingi hutembea kilomita chache kwa mwaka. Hata hivyo oili yake huchakaa. Katika safari fupi injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na maji hayo huungana na mabaki ya petroli na kutoa asidi. Petroli inayopenya kutoka kwenye karbureta iliyojaa kupita kiasi nayo huifanya oili kuwa nyepesi; harufu ya petroli kwenye kijiti cha kupimia ni dalili yake. Kwa sababu hizo oili hubadilishwa angalau mara moja kwa mwaka, hata kama kilomita zilizotajwa hazijafika. Gari linalowekwa ghalani kwa muda mrefu humwagwa oili kabla ya kuhifadhiwa, ili asidi isikae juu ya beringi.

Oili bandia ni hatari nyingine. Oili iliyotumika huweza kuchujwa, ikawekwa rangi na kuuzwa tena katika vyombo vinavyofanana na vya asili. Wanunuzi hushauriwa kuangalia kifuniko kisichofunguliwa, namba ya toleo na alama ya ubora ya shirika la viwango, kama vile TBS nchini Tanzania au KEBS nchini Kenya. Chupa tupu hutobolewa kabla ya kutupwa ili isitumike tena.

Oili iliyomwagwa, ambayo hujulikana kama oili chafu, ina metali na kemikali zenye madhara. Haifai kumwagwa ardhini au kwenye mtaro, kwa kuwa hupenya hadi kwenye maji ya visima. Hukusanywa katika chombo kinachofungwa na kupelekwa kwa wanaoipokea kwa ajili ya kusafishwa upya.

Oili ya giaboksi na difu

Oili ya injini haipaswi kuchanganywa na swali la oili ya giaboksi na difu. Giaboksi nyingi za kale zina vipande vya shaba nyeupe au shaba nyeusi. Baadhi ya oili za daraja la GL-5, zilizokusudiwa kwa difu zenye mkandamizo mkubwa, zina salfa nyingi inayoweza kuila shaba hiyo. Kwa giaboksi hizo hutumika zaidi oili za GL-4, au oili ya injini pale kitabu cha gari kinapoitaja, kama ilivyo kwa baadhi ya magari ya Uingereza.